Hati miliki ya kimila: inafaa hela yako? Maoni yangu baada ya kuichukulia shamba la familia

Naweka maoni yangu kuhusu hati ya haki miliki ya kimila, ile ambayo huku kwetu tunaiita hati ya kimila tu, mana kila siku naona watu wanauliza kama inafaa au ni karatasi ya kupotezea hela na muda, na majibu mengi wanayopewa yanatoka kwa watu ambao hawajawahi hata kuishika. Sisi tumechukua ya shamba la mama huku Nyanda za Juu Kusini, shamba la mahindi na alizeti na sa hivi kuna miparachichi pembeni, na mimi ndo nilikuwa nafatilia mwanzo mpaka mwisho. Jibu fupi: chukua, nyota 4 kati ya 5. Jibu refu ni kwamba kile unacholipia hasa sio karatasi, ni ile siku ya kupima, siku majirani wote wa mipaka wanasimama shambani na kukubaliana mbele ya kamati, na kama hiyo siku imefanywa hovyo basi hata hati iwe nzuri vipi haitakusaidia kitu siku ya ugomvi.

Kwanza niondoe dharau moja. Kuna watu wa mjini ukiwaambia una hati ya kimila wanakuangalia kama una risiti ya duka, wanasema hati yenyewe ni ile ya wizara. Sio kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika Mei 2001, inasema wazi kabisa kuwa haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ya kupewa, ile ya viwanja vya mjini. Na kuna kitu ambacho hii ya kimila inaizidi, mwenzako wa mjini anapewa miaka 33 au 66 au 99, wewe mwanakijiji unaweza kumiliki bila kikomo, watoto na wajukuu wanaendelea. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, iwe Masaki iwe Makete, kwahiyo hata huyo wa mjini hamiliki udongo, anamiliki haki ya kuutumia, kama wewe tu.

Na kingine ambacho nataka kila mtu akijue kabla hajatoa hata shilingi: haki yako ya kimila ipo hata kama huna hati. Kama babu alifyeka pori akalima na watoto wakaendelea kulima, nyie mna haki, hati inakuja kuithibitisha, haiiumbi. Hili lilishapiganiwa mpaka Mahakama ya Rufani. Mzee Lohay Akonaay wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoa wa Arusha, alikuwa na shamba la kimila tangu 1943, ikaja Operesheni Vijiji ile ya miaka ya sabini watu wakahamishwa na kugawiwa upya ardhi, akapoteza, akaenda mahakamani kuidai, alafu mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila za watu kama yeye, yaani kesi zao zife tu. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikasema hapana, haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, inalindwa na Katiba, huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia. Mimi naona huyu mzee na mwanae walitufanyia kazi kubwa sana wote tunaolima bila makaratasi, na inasikitisha kwamba jina lake halijulikani vijijini.

Sasa mtu atauliza, kama haki ipo bila hati kwanini nihangaike? Kwasababu haki bila ushahidi inaishi kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka. Huku kwetu baba alipofariki mipaka yote ilikuwa anaijua yeye na jirani mmoja, na jirani mwenyewe umri umeenda. Alafu bei ya ardhi imebadilika kabisa. Zamani eneo la mteremko ule hata bure mtu alikuwa hataki, sa hivi kwa ajili ya parachichi na miti ya mbao watu wanakuja na magari kutoka Dar wanauliza ekari ngapi zinauzwa, na ardhi ikishakuwa na bei ndugu wanaanza kukumbuka vitu ambavyo miaka yote walikuwa hawavikumbuki.

Tuje kwenye huduma yenyewe. Huwezi kuamka asubuhi ukaenda kuomba hati kama unavyoenda kusajili laini. Kijiji chenyewe kinatakiwa kwanza kiwe kimepimwa mipaka na vijiji jirani na kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, alafu kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi, yaani mmekubaliana wapi mashamba wapi malisho wapi msitu wapi vyanzo vya maji, alafu kiwe na masjala, chumba cha kutunzia kumbukumbu. Hapo ndo vijiji vingi vinakwama. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000 na kwa ujumla kazi imeenda kwa miradi miradi, Mbozi ndo walianza mwanzoni kabisa, baadae ukaja mradi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi, na Iringa Vijijini wakaja na ule upimaji wa simu ulioanza kijiji cha Ilalasimba mwaka 2014, vijana wa kijijini wenyewe wanafundishwa wanapima kwa simu. Sehemu ambazo mradi haujafika unajikuta unasubiri halmashauri ipate bajeti. Hii ni kasoro kubwa na ndo nusu nyota ya kwanza kupungua, haki ya mtu haitakiwi kutegemea kama wilaya yake imepata mfadhili au haijapata.

Kwetu bahati nzuri mpango ulikuwepo. Mkutano mkuu wa kijiji ukaitwa, wakachaguliwa watu wa kamati ya uhakiki. Sheria inasema kamati iwe na watu wasiozidi tisa na wanawake wasipungue wanne, na nasisitiza hapa, msichukulie hiyo kama mapambo. Kwenye kamati yetu walioijua mipaka vizuri kuliko wote ni akina mama, mana wao ndo wanapita huko kila siku, kuchota maji, kukata majani, kupalilia mashamba ya watu. Wanaume wengi wa kamati walikuwa wanajua mipaka ya mashamba yao na ya rafiki zao basi.

Siku ya kupima nitaieleza kidogo mana ndo kiini cha kila kitu. Tulianza asubuhi umande haujakauka. Kuna kijana mpimaji ana simu, kuna watu wa kamati, kuna mwenyekiti wa kitongoji, yupo mama, nipo mimi, na majirani wa pande zote nne walikuwa wameitwa kwa barua. Unatembea mpaka mzima kwa miguu. Kila kona kijana anasimama, anasubiri simu ishike vizuri, anauliza kwa sauti "jirani wa huku ni nani, anakubali?" na jirani anajibu mbele ya watu. Upande wa juu hakuna shida, kuna mfereji. Upande wa kushoto kuna minyaa ya zamani. Upande wa chini ndo ikawa kazi, kwasababu minyaa inaishia katikati, alafu kuna kipande kama cha hatua thelathini hakina alama yoyote mpaka kwenye jiwe kubwa, na jirani anasema mpaka unanyooka, sisi tunajua mpaka unapinda kufata korongo.

Tukabishana hapo muda mrefu, jua linapanda, kijana wa simu kakaa chini kwenye kivuli, na nimpongeze, hakutuharakisha. Mwisho bibi mmoja wa kamati akashuka mwenyewe kwenye korongo, akaanza kufukunyua majani kwa mkono, akatuita, akatuonesha visiki vya minyaa iliyokatwa zamani vikifata mpindo ule ule wa korongo, akamwambia jirani, "Mwanangu, hii minyaa ilipandwa mimi nikiwa naolewa hapa, aliyeikata ni marehemu baba yako alipokuwa anatafuta njia ya ng'ombe, na alikata kwa kuomba." Jirani akanyamaza kidogo alafu akasema sawa, weka hapo. Kona ikawekwa. Hakuna mahakama ingeweza kupata ule ushahidi. Hivi visiki vingekaa miaka mingine kumi vingekuwa vimeoza na yule bibi asingekuwepo, na hiyo kesi watoto wetu wangeirithi pamoja na shamba.

Ndo mana nasema kama mradi ukija kijijini kwenu na wanataka kupima mashamba mengi kwa siku ili wafikishe idadi, kataeni kuharakishwa. Nimesikia kwa ndugu zetu wa kijiji kingine mpimaji alipita anachukua kona huku majirani hawapo, wengine walikuwa msibani, hati zikatoka, na sasa wana ugomvi ambao hapo mwanzo haukuwepo. Hati ya namna hiyo inaleta vita badala ya amani. Baada ya kupima, ramani ya mashamba yote na majina inabandikwa ofisi ya kijiji ili mwenye pingamizi aseme. Nendeni mkaisome! Watu wengi hawaendi, wanasubiri tu hati, alafu anakuja kugundua jina limekosewa au kipande cha bonde kimeandikwa kwa mtu mwingine.

Sasa suala la majina, hapa niseme kwa uchungu kidogo. Fomu ilivyofika, baba mdogo akaja nyumbani jioni, akakaa, akasalimia vizuri kabisa, kamwene kamwene kama tunavyosalimiana huku, alafu akamwambia mama, "Shemeji, mimi sina neno, lakini ardhi ya ukoo haiandikwi jina la mtu aliyekuja kuolewa, tuandike jina la kijana mkubwa, wewe utalima tu kama kawaida." Na alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyolelewa. Mama akanyamaza. Nikamwambia baba mdogo kwa heshima kuwa sheria hiyo hiyo ya vijiji inayotambua mila ndo inayosema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, haina nguvu, hata halmashauri ya kijiji ikiipitisha. Mtendaji wa kijiji nae akaitwa akathibitisha. Hati yetu imeandikwa jina la mama na majina ya watoto, wa kike na wa kiume, kwa umiliki wa pamoja, na picha yake mama ipo pale kwenye karatasi.

Naomba hili mlichukulie serious jamani. Kama uko kwenye ndoa, hati iandikwe wote wawili. Mradi mzuri unawauliza mke na mume wote wakiwa pamoja, mradi mbovu unamuuliza baba mwenye nyumba tu alafu mama anaandikwa kama shahidi. Na sio kwamba ukiandika jina la mkeo umepoteza kitu, hata ukitaka kuweka shamba dhamana sheria inataka ridhaa ya mwenza, kwahiyo kumficha hakukusaidii. Wajane ndo wanaumia zaidi, nawajua wamama ambao waliondolewa kwenye shamba hata arobaini haijafika.

Karatasi yenyewe ikoje? Ina nembo ya taifa, jina la kijiji na wilaya, namba ya hati, majina na picha za wamiliki, na ramani ndogo ya shamba lako yenye namba za majirani. Unaweka saini au dole gumba, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wanasaini na mhuri wa kijiji, alafu inaenda wilayani kwa afisa ardhi mteule anasaini na kuisajili. Nakala moja unakaa nayo, nyingine masjala ya kijiji, nyingine wilayani. Mama alitaka kwenda kuilaminetisha siku hiyo hiyo, nikamwambia asubiri kwanza tusome herufi kwa herufi, na kweli jina la mdogo wangu lilikuwa limekosewa. Ikarudishwa.

Kurudishwa huko ndo kulinipunguzia furaha kabisa. Sitaitaja wilaya, lakini ile ofisi tulizungushwa sana. Mara afisa yuko semina, mara printa haina wino, mara wanasema kalete kitambulisho cha NIDA wakati walishachukua nakala, na kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi na siku ya kazi imepotea. Sheria inaipa halmashauri ya kijiji siku 90 kuamua ombi lako, na kijiji chetu kilikuwa ndani ya muda, tena vizuri. Mchelewesho wote ulikuwa wilayani. Kuna kijana pale nje alituambia kuna njia ya haraka, sikumjibu, na nawaomba nyie pia msimjibu mtu wa namna hiyo, mana mkianza kulipa hiyo njia, wenzenu wasio na hela hawatazipata hati zao kabisa.

Bei inategemea mmekutana na mradi au mnajilipia. Sisi jumla ya michango ilikuwa elfu hamsini kwa shamba, ukitoa nauli. Kwa mkulima wa kawaida sio hela ndogo, mwezi wa pili ukimwambia mtu atoe hiyo na hajavuna atakuona huna utu. Ningeshauri vijiji vipange michango iwe baada ya mavuno na mtu aruhusiwe kulipa kidogo kidogo.

Mkopo wa benki. Hapa watu wanadanganywa sana. Tangu MKURABITA, ule mpango wa serikali wa kurasimisha mali za wanyonge, ianze mwaka 2004 stori kubwa imekuwa ni kwamba ukirasimisha shamba unakopesheka, na kisheria ni kweli, hati ya kimila inaweza kuwekwa dhamana, na kuna watu wamepata mikopo kupitia hiyo. Ila usiichukue kwa sababu hiyo peke yake. Benki nyingi bado zinasita, na ukiwasikiliza hoja yao inaeleweka: ukishindwa kulipa wao wanataka kuuza, na ardhi ya kijiji haiuzwi kwa yeyote tu, mnunuzi wa nje lazima halmashauri ya kijiji imkubali. Mimi naona hicho kizuizi ni kitu kizuri na sitaki kiondolewe, ndo kinachozuia kijiji kizima kuhamia kwenye mnada kwa sababu ya mwaka mmoja wa ukame. Na kuweka shamba la kulisha familia rehani kwa ajili ya mbolea, kiukweli kabisa mimi simshauri mtu. Tumia vikundi, tumia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, tumia VICOBA, shamba liache.

Kuna wale wanaotaka kupata maeneo makubwa kupitia kijiji. Halmashauri ya kijiji mwisho wake ni hekta 20, yaani kama ekari 50, zaidi ya hapo inapanda ngazi za juu. Na hata hizo chini ya 50 lazima mkutano mkuu uridhie, sio mwenyekiti na wenzake wawili jioni kwa mtu. Ukiona mtu anajisifu kapewa ekari 300 na kijiji kwa barua ya mtendaji, jua kuna shida hapo.

Nimalizie na kitu ambacho nadhani ni muhimu kuliko shamba langu mimi, na ndo sababu nimeandika kirefu hivi. Hati ya mtu mmoja mmoja inawafaa wakulima wa mashamba ya kudumu kama sisi. Kwa wafugaji na wawindaji hiyo hiyo inaweza kuwa sumu. Ukigawa eneo la malisho vipande vipande kila mtu na hati yake, mvua ikinyesha upande mmoja ng'ombe wa upande mwingine wanaenda wapi? Tumeona kwa wenzetu wa Kenya, Kajiado huko, ranchi za vikundi zilivyogawanywa kwa mtu mmoja mmoja watu wengi wakaishia kuuza, na leo kuna uzio kila mahali, mpaka ikabidi katiba yao ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zirudi kuitambua ardhi ya jamii kama umiliki kamili.

Kwetu uzuri sheria inaruhusu hati ya kimila ya kikundi, na hii naipa nyota 5 bila kusita. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata ya kwao mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, jamii nzima kwa pamoja, wakalinda pori lao la mizizi, asali na wanyama ambalo lilikuwa linamegwa kila mwaka na watu wa kulima na wa kuchunga. Watu walikuwa wanaliona lile pori tupu kwa sababu halina jembe, kumbe linatumika kila siku. Hiyo njia ikaenda kwa vijiji vya Wamaasai na wengine huko kaskazini, na Edward Loure aliyekuwa mbele kwenye kazi hiyo akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016, wakati huo walikuwa wameshafikisha zaidi ya ekari 200,000. Na sa hivi Yaeda wanalipwa hela ya kaboni kwa kutunza misitu, hela ambayo wasingeipata kama hawana pa kusema hapa ni petu.

Kiteto nako vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa walikaa wakaona mifugo haijui mpaka wa kijiji, wakaunganisha malisho yao kwenye mpango mmoja wa pamoja, wakauita OLENGAPA. Huu ni ubunifu mkubwa sana. Linganisha na Kilosa, Rudewa Mbuyuni, Desemba mwaka 2000, wafugaji na wakulima, watu 38 waliuawa. Siwezi kusema hati ingezuia kila kitu, chuki ina mizizi mingi, lakini mahali ambapo malisho na njia za mifugo na maji vimeandikwa na pande zote mbili zimekaa kwenye mkutano huo huo, kuna pa kuanzia kuongea.

Na hati ina mpaka wake, msidanganyike. Sheria hiyo hiyo inampa Rais mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, au kwenda ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Kinachotakiwa ni utaratibu ufuatwe na fidia ilipwe, na eneo likiwa hekta 250 au pungufu mkutano mkuu wa kijiji ndo unaoridhia au kukataa, likizidi hapo uamuzi ni wa waziri. Loliondo mwaka 2022 zilipowekwa alama kwenye kilomita za mraba 1,500 na kufanywa pori la akiba la Pololeti, wananchi walikuwa wanasema hii ni ardhi ya vijiji vyetu vilivyosajiliwa, serikali inasema ni eneo la uhifadhi tangu zamani, na watu walikimbilia mpaka Kenya. Ukitazama pale unaona cheti cha kijiji pekee hakikutosha kuwalinda. Mimi naona mtu anayeishi kwenye ardhi anatakiwa kusikilizwa kwanza kabla ya jiwe la mpaka kuwekwa, na hiyo hati ya kimila hata kama haizuii, angalau inamfanya awe mtu wa kulipwa na kuitwa mezani, sio mvamizi.

Masjala. Nusu ya nyota iliyobaki inaondoka hapa. Chumba chetu kina kabati moja la chuma, limefungwa, sawa, lakini bati linavuja kwenye kona na madaftari yako karibu na hiyo kona. Alafu hakuna anayekumbuka kuandika mabadiliko. Mtu anauza nusu ekari, anafariki, anagawa watoto, daftari linabaki vile vile kama siku ya kwanza, baada ya miaka kumi hati zitakuwa zinasema kitu kimoja na shamba linasema kingine. Kwahiyo ukinunua au kurithi shamba lenye hati nenda ukaandikishe mabadiliko, usiridhike na karatasi ya mauziano ya mbele ya balozi.

Ukipata ugomvi usikimbilie mjini kwanza. Kuna baraza la ardhi la kijiji, watu saba, watatu wao wanawake, kazi yao kusuluhisha, na ni bure au karibu na bure. Baraza la kata nalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu tena, ndani ya siku 30, alafu ndo unaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii: usianzie wilayani. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, muulize vitu viwili tu, kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na kama mpango wa matumizi bora ya ardhi umeshapitishwa. Kama vyote vipo, omba fomu ya maombi ya hati. Kama havipo, ongea na wenzako kumi wa kitongoji muombe jambo hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu, mkutano huo kisheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na wakati mnasubiri zungukeni mipaka ya mashamba yenu na wazee wakiwa bado wana nguvu ya kutembea, pandeni minyaa au mkonge sehemu ambayo haina alama, majirani wote wakiwepo.

Nyota 4 kwa hati ya mtu mmoja mmoja, 5 kwa ya kikundi, 2 kwa huduma ya wilayani. Mwenye swali kuhusu fomu au majina aulize, nitajibu nikirudi kutoka shambani.